Asili ya Ukavu wa Macho

Ipo nchi moja, msiniulize iko wapi maana hata ramani yake ina amri ya kutosema, inaitwa Jamhuri ya Shwari. Huko kila kitu kinakwenda vizuri. Kikienda vibaya, hutolewa tangazo kwamba kimekwenda vizuri, na watu hulala. Katika nchi hiyo palitokea mkasa wa neno, na aliyeteseka roho kuliko wote katika mkasa huo alikuwa Idarusi Mbwana, mtunza kadi wa Baraza la Maneno, mtu mpole, mwembamba, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili na suruali mbili.

Lakini tuanze na bomba.

Bomba lilikuwa mtaa wa Bondeni Juu. Lilikuwa limekwisha kuzinduliwa mara sita, na katika mara zote hizo maji hayakuwahi kutoka, jambo ambalo halikumzuia mtu yeyote kukata utepe. Mara ya saba Waziri wa Maji, Mheshimiwa Ghalibu Kilindo, aliagiza kwamba safari hii lazima litoe maji, kwa sababu wapiga picha wangekuja. Asubuhi na mapema wasaidizi wake wakapita nyumba kwa nyumba kuyatafuta. Wakayakuta kwa Bi Kidawa Shekue, mjane anayepika maharage ya kuuza, aliyekuwa ameyachota kisima cha ng'ambo ya kilima: ndoo kumi na mbili, safari kumi na mbili, kichwa kimoja. Wakalibeba pipa zima alimoyajaza, wakalipandisha juu ya paa la ofisi ya mtaa, wakachomeka mpira, na mpira wakauunga na bomba kwa nyuma.

Saa nne kamili Mheshimiwa akafungua koki. Maji yakatoka, ngoma zikalia. Mheshimiwa akanawa mikono, akanawa uso, na gari lake nalo likamwagiwa kidogo lipoe. Kisha akamwona Bi Kidawa amesimama mbele analia, akadhani ni machozi ya furaha. Akamvuta karibu, akamshikisha kipaza sauti, Redio ya Taifa ikirusha mubashara, akamwambia, "Haya mama, nishukuru kwa kukuletea maji."

Bi Kidawa akamtazama kuanzia viatu hadi kofia.

"Baba," akasema, "maji ni yangu. Umeyatoa kwangu, umeyanawa, umeoshea na gari, halafu unataka nikushukuru? Nimezaliwa, nimeolewa, nimezika. Lakini ukavu wa macho wa namna hii sijapata kuuona."

Kicheko kikaanzia kwa wanawake, kikaenda kwa wapiga ngoma, kikamshika na dereva wa Mheshimiwa, ambaye tangu siku hiyo hajaonekana. Watu waliokuwa wakisikiliza redio madukani, saluni na buchani nao wakacheka, nchi nzima, kwa wakati mmoja. Mtu mmoja tu hakucheka. Idarusi, aliyekuwa na redio ndogo juu ya meza yake pale Barazani, aliizima. Neno hilo alilijua. Alijua ni la nani, tangu lini, na limelazwa kwenye droo ipi.

*

Taarifa ya habari ya saa saba mchana ilisema kwamba mama mmoja wa Bondeni Juu alizidiwa na shukrani mpaka akakosa la kusema. Jioni yake akapelekewa cheti cha Mshukuru Bora wa Wilaya.

Hapo ndipo serikali ilipojifunga mikono yenyewe. Ungemkamataje mtu kwa maneno ambayo taarifa ya habari imesema hakuyasema? Mheshimiwa Ghalibu alitaka mwanamke yule atiwe adabu kabla ya wiki kwisha, lakini kwenye karatasi mwanamke yule alikuwa ameshukuru, na ana cheti. Na huku neno lenyewe linakimbia. Mteja akikatwa mfupa mtupu buchani, anasema neno. Abiria akikanyagwa na asiombwe radhi, anasema neno. Mwalimu mmoja wa darasa la tatu aliwauliza wanafunzi watoe mfano wa tabia isiyofaa, na wanafunzi arobaini na wanane wakajibu kwa sauti moja. Mwalimu akaandika barua ya kujiuzulu papo hapo, kwa usalama wake.

Wizara ya Adabu ikapata njia. Katika Shwari kuna Sheria ya Kuzalisha Maneno bila Kibali. Mtu hawezi kuadhibiwa kwa kulisema neno linalosemwa na wote, kwani wote hawaenei gerezani, lakini aliyelianza anaweza kuadhibiwa kwa niaba ya wote. Kwa hiyo Wizara ikaliandikia Baraza la Maneno barua yenye mihuri mitatu. Ilitaka kujua neno hilo lina maana gani, kwa kuwa hakuna ofisa hata mmoja aliyekubali kwamba anaijua. Ilitaka kujua asili yake. Na ilitaka jina la mtu wa kwanza kulitamka, hai au maiti, kabla ya Alhamisi saa nne asubuhi.

Msije mkadhani adhabu yenyewe ni ya kuchapwa chapwa tu. Miaka michache nyuma fundi cherehani mmoja, Shomvi, aliibandika jina kofia ya Mlezi Mkuu wa Nchi. Jina lilikuwa tamu, likapendwa. Shomvi akapelekwa Nyumba ya Utulivu, akakaa miaka minne. Siku hizi amerudi kwenye cherehani yake, na ukimuuliza nguo itakuwa tayari lini, anatikisa kichwa. Ukimuuliza hujambo, anatikisa kichwa vile vile. Mkewe anasema hata usingizini hatoi sauti.

*

Sasa niwaeleze Baraza la Maneno lilivyofanya kazi, maana bila hivyo hamtaelewa kwa nini Idarusi alikuwa anatokwa na jasho chini ya feni.

Mwasisi wa Baraza, Mungu amrehemu, aliamini kwamba neno lisilo na mwenyewe halina adabu. Akaweka utaratibu: neno haliingii kwenye kamusi mpaka mkusanyaji alisikie kwa masikio yake kutoka kwa mtu aliye hai, na aliandike kwenye kadi nyeupe pamoja na maana yake, jina la msemaji, jina la aliyeambiwa, mtaa, na nyumba ilivyo. Si namba ya nyumba, kwa sababu nyumba nyingi za Shwari hazina namba, bali ilivyo: mlango wa kijani, mbuzi wawili, karibu na mshona viatu. Enzi hizo ilikuwa ni heshima. Msemaji alipewa kilo ya sukari na kupeana mkono na Mkurugenzi. Watu walijipanga foleni. Ndugu waligombana nani alisema nini kwanza.

Idarusi alifanya kazi hiyo miaka ishirini na tisa kwa mapenzi. Aliingia masokoni, harusini, misibani, amebeba kadi zake kifuani. Na katika miaka yote hiyo, yeye wala mwenzake yeyote hakukaa akafikiri kwamba wanachokusanya ni orodha ya kila mtu mwenye ulimi mkali katika nchi, pamoja na rangi ya mlango wake. Kadi elfu arobaini. Walizifuta vumbi kila Ijumaa.

Jumatatu hiyo wataalamu waliketi kuchunguza asili. Kikao kilifunguliwa na Inspekta wa Asili kutoka Wizarani, Bwana Twalibu Kongoro, mtu wa sauti ya chini sana, anayemenya karanga huku anaongea na kuyapanga maganda yake mezani mstari mmoja. Suala la kwanza lilikuwa kama lile ni neno moja au matatu, kwa sababu kama ni matatu basi wahalifu nao wanaweza kuwa watatu. Baada ya saa mbili "wa" iliachiliwa huru, kwani imeonekana mara tano katika wimbo wa taifa. "Macho" iliwekwa chini ya uangalizi. "Ukavu" ikabaki rumande hadi masika.

Kisha profesa mmoja mwenye koti la baridi akathibitisha kwamba neno halikuzaliwa Shwari. Watu wa Shwari, alisema, ni wenye haya kwa asili yao, na mahali pasipo na tabia fulani hapawezi kuwa na jina lake. Kwa hiyo neno liliingizwa. Yeye aliona liliingia pamoja na magunia ya choroko kutoka nchi jirani, mwaka ule wa nzige. Wakapiga makofi. Bwana Kongoro hakupiga. Akamenya karanga moja, akaitazama.

"Profesa, choroko haiwezi kufungwa jela," akasema polepole. "Mimi nataka mtu." Akamgeukia Idarusi. "Bwana Idarusi, nimeambiwa hapa kila neno lina kadi."

"Si kila neno, mheshimiwa," Idarusi akajibu, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza kwa wembamba.

"Vizuri. Basi tutazisoma zote. Tunaanza na herufi A." Akatabasamu. "U si mbali sana. Alhamisi tutakuwa tumefika."

*

Walipotoka kwenda kula, Idarusi akabaki. Akaifungua droo ya U, akaivuta ile kadi.

Hati ilikuwa yake. *Ukavu wa macho. Hali ya kutenda jambo la aibu mchana kweupe na kutoona aibu. Msemaji: Kidawa Shekue. Bondeni Juu, mlango wa buluu, mti wa mlonge uani.* Miaka kumi na moja nyuma. Pale penye aliyeambiwa hapakuwa na kitu.

Hapakuwa na kitu kwa sababu aliyeambiwa alikuwa yeye. Ilikuwa msiba wa mume wa Bi Kidawa. Idarusi alikuwa amesikia kwamba wanawake wa Bondeni Juu wana maneno ya maombolezo yasiyopatikana kwingine, akaenda. Akajipenyeza mkekani katikati ya wanawake. Bi Kidawa akawa analia, anaita, maneno yanamtoka yenyewe, na Idarusi anaandika kwa pupa. Mwishowe akamgusa bega mjane yule, maiti bado iko ndani, akamwomba arudie kilio chake polepole kidogo, kwani kuna neno limempita.

Bi Kidawa aliacha kulia. Akamtazama. Akasema alichosema. Wanawake wakamtoa Idarusi mlangoni kwa kumsukuma, na Idarusi, mtu wa kazi, akasimama barabarani, akatoa kadi mpya, akaandika. Jioni tu, alipofika kwenye mstari wa aliyeambiwa, ndipo uso ulipomwaka moto. Akauacha wazi, na tangu hapo hakuufuta wala hakuujaza.

Sasa akasikia viatu ukumbini. Hakuwa na wakati wa kufikiri. Kadi za Baraza ni za karatasi ngumu, zilichaguliwa makusudi zidumu miaka mia. Aliikunja mara nne, akaitia kinywani, akaitafuna. Bwana Kongoro alipoingia alimkuta ameshika droo ya M, mashavu yamejaa.

"Unakula nini?"

Idarusi akameza. Machozi yakamtoka.

"Muhogo," akasema.

Bwana Kongoro akamwangalia kwa muda mrefu kuliko muhogo unavyostahili, akaondoka.

Usiku ule Idarusi alilala vizuri kwa mara ya kwanza tangu siku ya bomba. Akaamka Jumanne alfajiri amekaa kitako kitandani, mkono kifuani. Amekumbuka nakala za waridi. Mwasisi, Mungu amrehemu tena, aliagiza kila kadi nyeupe iandikwe nakala ya waridi, nakala hiyo ipelekwe ghala la Wizara, moto usije ukateketeza lugha ya taifa. Idarusi aliziandika zote kwa mkono wake, na hakuwahi kukosa hata moja. Alikuwa amepewa saa ya ukutani kwa uaminifu huo.

*

Jumatano saa tano, Bwana Kongoro alimwita. Mezani palikuwa na karanga na kadi ya waridi.

"Nakala ipo," akasema. "Nyeupe haipo. Sitauliza iko wapi, maana nadhani najua, na mimi ni mtu mstaarabu." Akasukuma karatasi mbele. "Kesho utathibitisha mbele ya kamati kwamba neno ulilitoa kwa mwanamke huyu na kwamba hakuna aliyelisema kabla yake. Na kwa kuwa wewe ndiye mwenye kamusi, utatia sahihi maana mpya iliyoidhinishwa. Ukitia sahihi, nyeupe ilipotea kwa panya. Usipotia, Nyumba ya Utulivu ina vyumba vya kutosha."

Idarusi akaisoma maana mpya. Ilisema hivi: *Ukavu wa macho: tabia mbaya ya raia kumtazama kiongozi usoni huku akiulizia alichoahidiwa. Mfano: Kidawa ana ukavu wa macho.*

"Hii siyo maana yake," akasema.

"Itakuwa," Bwana Kongoro akajibu.

Idarusi alitoka pale akaenda moja kwa moja Bondeni Juu. Bi Kidawa alikuwa uani anachochea chungu cha maharage, na askari wawili wa Wizara, glavu nyeupe mikononi, wamesimama ng'ambo ya barabara wanajifanya wanatazama mlonge.

"Shikamoo, Bi Kidawa."

"Marahaba. Umekuja kuandika nini leo? Hakuna aliyekufa."

Ilimchoma, na aliona inamstahili. Akamweleza yote kwa kunong'ona: kadi, nakala, sheria, Alhamisi. Akamwomba aondoke. Yeye Idarusi alikuwa na shangazi yake upande wa pili wa mpaka. Wangeweza kupitia nyuma, kwenye shamba la miwa.

"Niondoke niende wapi, mwanangu? Na maharage nimwachie nani?" Akaonja mchuzi, akaongeza chumvi. "Mimi sikuiba maji ya mtu. Aondoke aliyeiba."

"Bi Kidawa, watakufunga. Umemwona Shomvi?"

Mwiko ukasimama. Ndiyo, alimwona Shomvi. Ndiye aliyemshonea sare za harusi ya mwanawe wa mwisho, na alikuwa mtu wa mizaha mpaka unaomba akupumzishe.

"Naogopa," Bi Kidawa akasema waziwazi. "Usidhani siogopi. Usiku nasikiliza kila gari linalopita. Lakini nikikimbia, kesho watasema neno lilikuwa uongo, na maji yalikuwa yake." Akamtazama. "Nawe kesho utasema nini?"

Idarusi akachungulia chunguni. Akasema mpishi mwenye maharage mazuri kama haya hastahili haya yote, maneno ya kipuuzi kabisa, na akaondoka bila kuaga vizuri.

*

Ukumbi wa Heshima una viti mia tatu na dirisha moja. Alhamisi ulijaa. Mheshimiwa Ghalibu alikaa mbele kwenye kiti chenye mito, vijana wawili wakimpepea ingawa kulikuwa na feni. Bi Kidawa alikalishwa kwenye benchi pembeni, kanga imekazwa kichwani, mikono mapajani. Nyuma yake glavu nyeupe mbili.

Bwana Kongoro akaisoma ile maana mpya kwa sauti yake ya chini. Kisha akaweka karatasi mbele ya Idarusi, akaweka na kalamu.

"Tia sahihi, Bwana Idarusi."

Idarusi akaishika kalamu. Alitaka sana kutia sahihi. Tusimdanganye msomaji kwa kumfanya shujaa. Alifikiria chumba kisicho na sauti, alifikiria miaka minne ya kutikisa kichwa. Akainua macho na kumkuta Bi Kidawa hamtazami yeye. Anatazama sakafu, midomo inasogea polepole, anasali.

"Siwezi," akasema.

"Unasemaje?"

"Maana si hiyo. Mimi ndiye mtunza kadi, na maana si hiyo." Sauti ilianza kumrudia. "Neno hili aliniambia mimi. Nilikwenda kwenye msiba wa mumewe, maiti ndani, nikamwambia arudie kilio chake niandike vizuri. Huo ndio ulikuwa ukavu wa macho. Wangu mimi. Kwa hiyo kama mnatafuta asili yake, asili si mtu aliyelisema. Asili ni mtu aliyelistahili."

Ukumbi ukanung'unika. Bwana Kongoro akafungua kinywa, lakini Idarusi alikwisha kupita mahali pa kurudi, na alijua.

"Na wangu ulikuwa mdogo," akaendelea. "Mdogo sana. Ukavu kamili ni kulichukua pipa la maji la mjane aliyechota safari kumi na mbili, ukalipandisha juu ya paa, ukayapitisha kwenye bomba bovu, ukayanawa, ukaoshea na gari, kisha ukamwita mwenye maji mbele ya watu na kumwambia akushukuru. Hiyo ndiyo maana. Katika kadi elfu arobaini sina mfano unaoufikia."

Vijana wakaacha kupepea. Mahali fulani nyuma kiti kililia, kikanyamaza. Glavu nyeupe zikamsogelea Idarusi kutoka pande zote mbili, na Bi Kidawa akajifunika uso.

Mheshimiwa Ghalibu akasimama. Alikuwa amekunja uso, mkono kidevuni, kama mtu anayepimiwa suti. Akatembea mpaka mbele ya meza. Idarusi akafumba macho.

"Elfu arobaini?" Mheshimiwa akauliza.

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Na hakuna hata mmoja anayenifikia?"

Idarusi akafumbua jicho moja. "Hakuna, mheshimiwa."

Uso wa Mheshimiwa ukakunjuka taratibu, ukang'aa. Akaugeukia ukumbi, akatanua mikono.

"Ndugu wananchi! Mmemsikia mtaalamu! Kuna watu humu serikalini, sitawataja, wanazindua bomba kavu na wanajiona wamefanya kazi. Mimi nilizindua bomba kavu likatoa maji! Nani mwingine angethubutu? Nani? Na leo nasikia kwamba jambo kubwa kama hili mnataka kumpa sifa yake mpika maharage, eti ndiye asili?" Akapiga meza. "Yeye aliona tu. Aliyefanya ni mimi! Andika. Asili: Mheshimiwa Ghalibu Kilindo, Waziri wa Maji, pamoja na shahada zangu zote."

Bwana Kongoro alikuwa amesimama na ganda la karanga mkononi. "Mheshimiwa," akasema kwa uangalifu mkubwa, "kwa mujibu wa sheria, aliye asili ya neno lisilo na kibali..."

"Basi kitoe kibali! Kianzie mwaka jana." Mheshimiwa akamtazama Bi Kidawa kwa huruma. "Huyu mama mwachieni. Asili haziwezi kuwa mbili. Aende zake, na asijisifu tena kwa kitu cha watu."

Ukumbi ulipiga makofi, kwa sababu walinzi waliokuwa milangoni walikuwa wamekwisha kuanza.

*

Hivyo ndivyo neno lilivyoingia katika Kamusi ya Taifa, ukurasa mzima, na picha ya Mheshimiwa akiwa ameshika koki. Nishani ya Ukavu wa Macho ilianzishwa, daraja la kwanza hadi la tatu, na mawaziri wengine wakalalamika kwamba wamepitwa huku wamefanya makubwa zaidi. Idarusi alirudishwa kwenye droo zake kwa onyo na pongezi katika barua moja. Watu walipomwona Mheshimiwa njiani walimpigia kelele, "Una ukavu wa macho!" naye alishusha kioo cha gari, akapunga mkono, akashukuru. Baada ya wiki mbili wakachoka. Hakuna raha kumwambia mtu jambo linalompendeza.

Idarusi alikutana na Bi Kidawa kwenye njia ya kisimani. Alikuwa anarudi, ndoo kichwani. Idarusi akamtua, wakasimama kivulini kwenye ukuta wa shule.

"Sijakushukuru," Bi Kidawa akasema. "Nakushukuru kwa roho yangu. Nalala sasa." Akajifuta jasho. "Lakini neno langu mmelichukua, Idarusi. Lilikuwa la mama yangu. Pipa lilichukuliwa, nikabaki na neno; sasa na neno nalo liko kwenye koti lake, kifuani, na utepe. Nikimwona nitamwambia nini?"

Idarusi alimwokoa mama huyu kwa kuitoa silaha yake pekee, na hakuwa na la kumrudishia.

Wakati huo vumbi likainuka barabarani. Ulikuwa msafara wa Mheshimiwa, magari tisa, unakwenda kulizindua bomba la Bondeni Juu mara ya nane. Mpira wa maji ulining'inia nyuma ya gari la mwisho. Bi Kidawa aliutazama msafara mpaka ukapotea. Kisha akasema neno.

Lilikuwa fupi. Idarusi hakuwa amewahi kulisikia popote, lakini alilielewa papo hapo, lote, pamoja na mpira na nishani, akacheka mpaka akashika ukuta. Bi Kidawa naye akacheka, kwanza kwa aibu, kisha bila aibu. Mkono wa Idarusi ukaenda wenyewe mfukoni, kwenye kadi na kalamu, kwa mazoea ya miaka ishirini na tisa. Ukakaa humo. Ukatoka mtupu.

"Huandiki?"

"Siandiki, Bi Kidawa."

"Baya?"

"Zuri mno." Akainama, akamtwika ndoo yake.

Kufikia Jumanne neno lilikuwa buchani na saluni. Kufikia Ijumaa wanafunzi wa darasa la tatu walikuwa wanalisema kwa sauti moja, na Mheshimiwa Ghalibu alikuwa amewauliza watu kumi na saba maana yake bila kupata aliyeijua. Mimi mwenyewe nalijua, lakini nina mlango na rangi yake.

Jumatatu Bwana Kongoro alikuja Barazani na askari wanne. Wakamwaga droo zote sakafuni, nyeupe, kisha wakaleta za waridi kutoka ghalani, wakazisoma hadi mchana, wasione kitu. Bwana Kongoro akavuta kiti, akakaa mbele ya Idarusi, akamuuliza kwa ile sauti yake ya chini neno hili lina maana gani, limetoka wapi, na nani alilianza. Idarusi akamtazama usoni, hakupepesa, akamwambia hajawahi kulisikia.